Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Shuka lilikuwa limelowa chapachapa, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyelilalia.

Dobi alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma akalitazama. Alikuwa amefika jana yake jioni, hoi kwa safari ya siku nzima, na mdogo wake alimlaza chumba cha mbele bila hata kumzungusha nyumba. Sasa ilikuwa saa nane kasoro mchana. Mdogo wake ameinamia kitanda chembamba, anatoa shuka bichi na kutandika jingine kavu, jeupe, analivuta pembe zote nne mpaka halina kunjo hata moja.

"Nani analala humu?" Dobi aliuliza.

"Hakuna mtu. Dari linavuja, dada."

Dobi akainua macho. Dari lilikuwa kavu, na nje vumbi lilikuwa limesimama hewani kama halijaona mvua tangu mwaka uanze. Hakuuliza tena. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kufua mashuka ya hospitali, na siku hizi hata kuuliza kulimchosha.

Alikuja kwa juma moja tu, aone kama mji unafaa kuhamia. Hoteli mpya ya ufukweni ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia, na mdogo wake, mhudumu wa vyumba wa hoteli hiyohiyo, alikuwa amempigia simu miezi minne mfululizo. Njoo dada, kazi ipo. Njoo tukae wote. Mume wa Dobi, ambaye watu wote na mkewe pia walimwita Mwalimu ingawa alikuwa ameshastaafu, hakuwa na pingamizi. Watoto walikuwa wakubwa, wana nyumba zao. "Nenda ukaone," alisema. "Ukisema panafaa, nafunga virago."

Na kweli palionekana kufaa. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja ndefu ya maduka ya kofia na miwani ya jua, na vibao vya vyumba vya kupanga kila baada ya hatua kumi. Watalii walipita wamebabuka mabega. Adhuhuri wote walikuwa wamelala mchangani, na mji ukabaki wa wafanyakazi, wanasukuma vigari vya mataulo kwenye njia za uani bila kusemezana. Meneja wa hoteli alimwonyesha Dobi mashine sita zinazozunguka zenyewe, meza ya kukunjia, na karibu na dirisha, kiti.

"Hiki cha nani?" Dobi aliuliza.

"Chako. Wewe utaandika nani amechukua nini. Kufua watafua wengine."

Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwonyesha kiti. Hospitali mashine ikifa, na ilikuwa inakufa kila mwezi, walikamua kwa mikono, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kabla ya umri wake. Alimpigia Mwalimu simu akiwa palepale uani.

"Panafaa," alisema.

"Mbona sauti imechoka hivyo?"

"Sauti yangu imechoka tangu mwaka juzi. Nakwambia panafaa."

Kitu kimoja tu hakikumkaa vizuri, nacho kilikuwa mdogo wake. Utotoni walimwita Kasuku, kwa sababu akianza maneno mpaka mtu amzibe mdomo. Jina lilibaki, maneno yalikuwa yamekwisha. Alikonda, macho yameingia ndani, anasinzia na kijiko mkononi. Na kila siku saa saba na nusu alitoka hotelini mbio, hajala, anaingia chumba cha nyuma kubadilisha shuka, kisha anarudi kazini mbio vilevile.

Siku ya tatu hakuja. Kundi kubwa la wageni lilikuwa limefika hotelini, na wahudumu wote walizuiwa.

Dobi alikuwa chumba cha mbele, miguu juu ya kigoda. Mtaa ulikuwa kimya, joto limewafungia watu ndani. Saa nane ikapita kidogo. Kwanza ikaja harufu, harufu ya taulo bichi lililosahauliwa siku nyingi ndani ya mfuko uliofungwa, na chini yake harufu nyingine, nzito, ya matope ya chini ya bahari. Halafu zikaja hatua. Alidhani ni ndala zilizolowa, lakini ndala hupiga sakafu kwa ulaini, na hizi zilikuwa zinagonga, ko, ko, taratibu, kama mtu agongaye meza kwa kifundo cha kidole, zinatoka ukutani kwenda kitandani. Kitanda kikalia. Kisha sauti ikasema, kwa adabu, kwa Kiswahili kilichonyooka mno, kama cha mgeni aliyejifunza kwa bidii:

"Samahani. Shuka langu halijabadilishwa."

Dobi hakupiga kelele. Baadaye alisema kwamba alitaka kukimbia na mwili ulikuwa umegoma, umezoea miaka ishirini na miwili kwamba mgonjwa akilalamikia shuka, unakwenda. Kwa hiyo mikono yake ikachukua shuka kavu kwenye rundo, na miguu yake ikampeleka, na yeye mwenyewe akaifuata nyuma kama mtu anayeburutwa, mpaka akajikuta ndani ya kile chumba ambacho hakikuwa na mtu, anang'oa shuka bichi kwa vidole vilivyokufa ganzi, akilisoma bila kutaka kama alivyosoma mashuka yote ya maisha yake, maana shuka lilikuwa likimwambia nani ana homa, nani kakesha akilia, nani kafa alfajiri, na hili halikusema kitu, halina jasho, halina unywele, halina hata ule uvuguvugu wa mwili, ila maji ya chumvi ya baridi kabisa, na upande wa miguuni godoro lilikuwa limebonyea mashimo mawili madogo, kila moja limepasuka katikati, kama kwato. Akatandika. Akavuta pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alipoifikia ya nne godoro likazama polepole pembeni yake, kana kwamba kuna aliyekaa akisubiri amalize, na pumzi yenye ubichi ikamgusa sikio.

"Asante. Una mkono mzuri kuliko mdogo wako."

Kasuku alimkuta amekaa sakafuni varandani, shuka bichi limemlowesha mapaja. Alimtazama dada yake, akajua. Akakaa karibu naye, viatu vya kazi bado miguuni.

"Amekusemesha?"

"Ni nani yule?"

"Ni mgeni," Kasuku alinong'ona. "Chumba cha mwisho kwenye korido, miaka sita iliyopita. Nilikuwa nafanya kazi hoteli nyingine. Niliingia nikakuta kitanda kimelowa, na bafuni maji yanamwagika. Nikadhani mwenyewe anaoga. Nikamwambia pale mlangoni, kama tulivyofundishwa. Karibu sana. Ukihitaji chochote niite. Jisikie uko nyumbani." Alifungua kamba ya kiatu. "Mapokezi wakaniambia chumba kile kina miezi mitatu hakijapata mtu. Niliporudi nyumbani, nikamkuta."

"Hukuhama?"

"Nimehama mara tatu. Haniumizi, dada. Ananiita tu. Anaita mpaka kichwa kinataka kupasuka, nikiitika tu anajua nilipo. Na mimi kila mara naitika. Nachoka, naitika."

Dobi aligeuka akamtazama vizuri.

"Na ulikuwa unajua haya yote, ukanipigia simu miezi minne nije kukaa hapa."

"Nilitaka tupokezane," Kasuku alisema, na sauti yake haikutetemeka, ilikuwa imekauka tu. "Leo wewe, kesho mimi. Nimechoka, dada. Sikuwaza zaidi ya hapo."

Mkono wa Dobi uliinuka kumpiga kofi. Ulikaa hewani kidogo, kisha ukashuka ukachukua ncha ya shuka. Kasuku akashika ncha ya pili bila kuambiwa. Wakalikamua pamoja, huyu anapinda huku, yule anapinda kule, kama walivyokuwa wakikamua nguo za mama yao, na maji ya chumvi yakatiririka sakafuni katikati yao.

Nyumba ya tatu kutoka pale aliishi mama mmoja msusi. Mchana alisuka vichwa vya watalii, lakini wenyeji walimjua kwa kazi nyingine. Dobi alimkuta na chanuo mdomoni. Alisikiliza habari nzima bila kusimamisha vidole, kisha akasema atakuja kesho, magoti yake yakimruhusu.

Alikuja mikono mitupu, akaomba kigoda, akakaa.

"Anayeingia kwa nguvu namtoa kwa nguvu," alisema. "Huyu alikaribishwa. Sina la kumfanya. Aliyemkaribisha ndiye amuage, na aage kwa moyo, si kwa mdomo. Lakini nisikilizeni. Atauliza aende wapi. Kaeni kimya. Msimtajie habari za nyumbani kwa mtu yeyote."

Saa nane ilipofika shuka halikubadilishwa. Harufu ikaja, hatua zikaja, kitanda kikalia. Kasuku alisimama kizingitini, akafumbua mdomo, akaufumba. Msusi alimgusa mgongo.

"Siwezi," Kasuku alinong'ona. "Miaka sita hakuna mwingine aliyekuwa ananisubiri nyumbani."

Dobi alisikia maneno hayo yakimwingia mahali asipopataka. Miaka sita alikuwa akimpigia mdogo wake simu sikukuu kwa sikukuu, anakata kabla vocha haijaisha.

"Sema, mdogo wangu," alimwambia. "Mimi nipo."

Kasuku akavuta pumzi. "Muda wako umekwisha," alisema. "Nimekuhudumia nilivyoweza. Sasa kwaheri."

Ndani godoro likainuka.

"Niende wapi?" sauti iliuliza.

Hawakujibu.

"Na mimi nimechoka. Niende wapi?"

Msusi aliweka kidole mdomoni. Hatua zilikuja mpaka mlangoni, zikampita Kasuku, zikamfikia Dobi, na ule ubichi ukamwelemea bega kama nguo isiyokamuliwa, na sauti ikauliza mara ya tatu, karibu kabisa, kwa upole uleule usiokwisha, na Dobi, ambaye hakuwa amepata usingizi usiku mzima, ambaye mgongo ulikuwa unamwaka moto na hakutaka kitu kingine duniani ila jambo lile liishe akae chini, akasikia mdomo wake mwenyewe unasema:

"Kila mtu ana kwao. Sisi kesho tunarudi kwetu. Na wewe tafuta pako."

Msusi aligeuka akamtazama. Lakini hatua zilikuwa zimeshaanza kuondoka, ko, ko, mlango wa mbele ukafunguka, joto la nje likaingia, na harufu ikakatika.

"Ametoka," Msusi alisema, akainuka huku ameshika magoti. "Ungenyamaza ingekuwa bora."

Wala hakutaka ujira.

Kasuku alilala mchana huo mpaka asubuhi iliyofuata bila kugeuka. Dobi alikwenda kumwambia meneja kwamba amebadili nia. Mji ulikuwa mzuri, lakini yeye angemchukua mdogo wake wakakae naye, kwenye nyumba yake na Mwalimu, mpaka mwili umrudie. Alikitazama kile kiti dirishani, akatoka.

Asubuhi wakiwa stendi, wamekalia mabegi yao, simu ya Mwalimu ikaingia.

"Mgeni wako amefika salama," alisema.

"Mgeni gani?"

"Si huyu uliyemtuma. Kafika sasa hivi, kalowa maskini, nami hata mvua sijaisikia. Mpole sana. Kaomba kujinyoosha, nimempa chumba cha watoto. Ila anauliza mashuka unaweka wapi."

Dobi alifumba macho. "Mwalimu. Ulimwambia nini mlangoni?"

"Ningemwambia nini, mama? Nimemkaribisha."

Aliwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza. Mwalimu akimuaga, yule atauliza tena aende wapi, na ukutani kule kulikuwa na picha za watoto na wajukuu, kila moja imeandikwa nyuma mahali wanapoishi, kwa mwandiko mzuri wa Mwalimu. Nyumba ile waliijenga miaka kumi na minne, tofali kwa tofali.

"Nisikilize," alisema polepole. "Toka nje sasa hivi. Usimuage. Usichukue kitu, usifunge hata mlango. Panda gari uje huku. Na ukisikia unaitwa jina lako, hata iwe sauti yangu, usiitike mpaka uniguse mkono."

Mwalimu alikuwa ameishi naye miaka thelathini. Hakuuliza. Alishuka stendi jioni na ndala za ndani, kalamu mfukoni mwa shati, na Dobi alimshika mkono kwanza ndipo akamsalimu.

Hivyo ndivyo walivyohamia. Meneja alikuwa hajapata mtu mwingine, na Dobi alianza kazi Jumatatu. Kasuku amenenepa, na akianza maneno siku hizi mpaka mtu amzibe mdomo. Watu wakiuliza kilichowaleta, wanasema ni kazi, na bahari ni nzuri kwa mgongo. Nyumba yao ya zamani haijauzwa wala kupangishwa. Hawajarudi kuitazama.

Lakini kila siku saa nane ikipita kidogo, Mwalimu hushusha gazeti, akageuza uso upande wa barabara iendayo bara, akakaa hivyo ametega sikio. Siku zake za mapumziko Dobi huvuta kigoda akakaa karibu naye, akamshika kiganja kwa nguvu.

"Anaita?"

"Anaita. Leo kwa sauti ya chini sana. Kama anaumwa."

"Usiitike, Mwalimu."

"Siitiki," husema, na midomo yake hubaki wazi kidogo, maana ni mtu ambaye maisha yake yote kila aliyemwita alimwitikia.