Aleji ya Nazi

Duka la vipodozi lilikuwa limefurika, na katikati ya msongamano huo alisimama mwanamume mmoja ameshika chupa mbili za mafuta ya nazi, moja kila mkono, hajui amuulize nani. Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Alikuwa fundi simu, na mtaani walimwita Betri kwa sababu hakuwa akichoka kuongea, lakini mbele ya rafu ile maneno yalimwishia.

Aliyemwokoa alikuwa msusi wa saluni ya jirani, ambaye wateja walimbatiza Vidole kwa jinsi alivyokuwa akisuka haraka. Alivaa gauni la njano na kilemba cha zambarau kilichoshuka mpaka karibu na nyusi. Alimpokonya chupa zote mbili bila kuomba ruhusa, akazigeuza. Hii, akamweleza, ina picha kubwa ya nazi mbele, lakini ukisoma nyuma nazi yenyewe imetajwa mwisho kabisa. Ile nyingine haina kitu ila nazi, na ukiifungua inanukia nazi, si manukato. Siku ya baridi mafuta yakiganda asishtuke, aitumbukize chupa kwenye maji ya moto.

"Ni ya mama yangu," Betri alisema. "Nywele zake zimekuwa kavu, zinakatika."

"Basi mwambie atie kidogo, hasa kwenye ncha. Watu wanajimwagia kama wanataka kukaanga kichwa, halafu wanailaumu nazi."

"Na wewe unatumia haya haya?"

Vidole aligusa ukingo wa kilemba. "Kila siku," akajibu, na ilikuwa kweli, ila kwa mikono yake tu, akiwapaka wateja.

Bora tuseme mapema alichokificha. Kwa miaka mingi alijisuka mwenyewe misuko midogo iliyobana, ili kichwa chake kiwe tangazo la saluni. Kadiri alivyobana ndivyo wateja walivyomsifu, na kadiri walivyomsifu ndivyo alivyozidi kubana. Nywele za mbele zikaanza kupukutika, kisha ngozi ikabaki tupu kutoka paji la uso hadi karibu na utosi, inang'aa. Msusi mwenye kipara, nani atampa kichwa chake? Kwa hiyo alifunga kilemba asubuhi na hakukifungua mbele ya mtu yeyote, hata dada yake.

Mapenzi yalianza kwa simu. Betri alipiga kuuliza kama mama anaweza kuchanganya mafuta na limau, akapiga tena kuuliza kama Vidole amekula, mara akawa anapiga bila kisingizio. Alimwita kipenzi, yeye akamwita msumbufu wangu. Waliteta, wakacheka, wakanuniana kwa raha. Jambo moja tu lilimsumbua Betri: kila mkono wake ulipopanda kuelekea kile kilemba, mpenzi wake aliinamisha kichwa na kukwepa. Alidhani ni haya. Alivumilia.

Jumamosi moja alimpeleka kwa mama yake. Mama alikuwa mjane mpole, mwenye mabaka meupe yaliyotanda mikono yote miwili kuanzia vidoleni. Nywele zake zilikuwa zimepata uhai, na alitaka kushukuru kwa namna aliyoijua. Alikuwa ametandika mkeka na kuipasha chupa moto kwenye bakuli.

"Njoo mwanangu, kaa hapa mbele yangu," alisema. "Kutwa unawapaka wengine. Leo mimi nikupake wewe."

Vidole aliuona mkono ule ukinyooka kuelekea kilembani. Akatamka la kwanza lililomjia mdomoni.

"Siwezi, Mama. Nina aleji ya nazi."

Mama aliitazama mikono yake, akaifunga chupa polepole, akasema si kitu. Vidole aliaga chai ikiwa bado haijapoa, na njia nzima uso ulimwaka kwa aibu, ingawa aliamini aibu ile ni yake peke yake.

Kesho yake simu iliita.

"Ungeniambia tu kwamba mikono ya mama inakutia kinyaa," Betri alisema.

"Mikono gani? Betri, mimi sikuwa..."

"Kutwa umechovya mikono kwenye mafuta hayo hayo. Aleji gani hiyo? Tangu uondoke mama anavaa glavu za kuoshea vyombo. Anamenya vitunguu nazo. Mwanangu, ananiambia, usimlaumu, na wengine huwa wanaogopa." Kisha akaongeza, "Usinipigie tena."

Vidole alibaki ameishika simu iliyokwisha kukatika. Wateja wawili walikuwa wanangoja. Aliona aibu mpya, nzito kuliko ile ya kipara, kwa kuwa hii alikuwa amemtwisha mtu mwingine. Angeweza kunyamaza: siri yake ingebaki salama, na bibi wa watu angekufa na glavu zake mikononi. Aliwaomba wateja radhi, akatoka.

Mama alimfungulia mlango akiwa na glavu za manjano. Vidole alimwamkia, akaingia, akapiga magoti pale pale ulipotandikwa mkeka jana. Vidole vyake vyepesi vilishindwa kufungua fundo. Alivuta mara mbili, kilemba kikaanguka mapajani, naye akafumba macho.

"Sikuogopa mikono yako, Mama. Niliogopa usije ukaona hiki."

"Nani alikusuka mpaka ukawa hivi?" Mama aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

Ikasikika glavu moja ikivuliwa, kisha ya pili. Chupa ikafunguliwa, chumba kikajaa harufu ya nazi.

"Hayataziotesha, Mama," Vidole alisema huku machozi yakimshuka. "Nayajua mafuta haya. Pakishakuwa hivi, hayaoteshi kitu."

"Sikupaki ili ziote. Nakupaka kwa sababu umerudi."

Betri alirudi kutoka kazini akawakuta hivyo hivyo. Mkono wa Vidole uliruka kwenda kwenye kilemba, ukafika nusu ya njia, ukabaki hapo. Betri alikitazama kile kichwa, akayakumbuka maneno yote ya kwenye simu, akakosa pa kuweka uso. Aliomba msamaha kwa sauti ndogo ambayo mtaani hawajawahi kuisikia kwake.

Mama alisimama akishika kiuno. "Mgongo wangu umechoka," akasema, akampa mwanawe chupa. "Malizia wewe."

Betri aliketi nyuma yake, akamimina tone kiganjani.

"Ile aleji," aliuliza taratibu, "imepona?"

"Bado inawasha kidogo," Vidole alisema, akauacha mkono wake ushuke mapajani na kuinamisha kichwa, safari hii bila kukwepa. "Anzia mbele. Tumia ncha za vidole, usikwaruze."