Usukani wa Izwan

Usukani ulijizungusha wenyewe adhuhuri, na umeme ulikuwa umekatika.

Zulfadli aliondoa mikono, akautazama. Mwezi mzima alikuwa akijifunza kuserereka kwa gari la mchezo wa kwenye skrini, hapo sebuleni kwao mjini Ipoh: unakata kona, unakanyaga mafuta, mkia wa gari unatoka, unauachia usukani uzunguke, kisha unaudaka. Hapo pa kudaka palimshinda. Akajidanganya kwamba anachokosa ni usukani wa gari la kweli. Basi binamu yake Izwan alipokufa kwa ajali kwenye milima ya Cameron, watu wako msikitini wanamswalia, yeye yuko yadi ya magari mabovu, spana mkononi, anaufungua usukani wa gari la marehemu. Aibu iliyoje! Na mama wa marehemu, Mama Mkubwa Saadiah, alipomwomba, "Niletee hata kitu kimoja alichokishika mwanangu," alimjibu, "Vyote viliungua, Mama Mkubwa."

Tangu aufunge usukani huo kwenye mtambo wake wa mchezo hakukosea kona tena. Mikono ilikuwa yake, lakini juu yake ilikuwapo mingine, ya baridi, na nyumba ikanuka mpira unaoungua hata mama yake akikaanga samaki, na sasa, skrini ikiwa nyeusi tii, usukani ulizunguka, ukazunguka, na nyuma ya sikio lake sauti ya Izwan ikanong'ona, "Kaza moyo, bwana. Waogopa nini?"

Akatoka mbio hadi kwa Ustadh Kamaruzaman.

Ustadh alikuja, akasoma mpaka jasho likamtoka. "Huyo si Izwan," akasema kwa sauti ya chini. "Ni jini wa milima ile, ameiba sauti ya marehemu. Kautupe mtoni leo hii. Usimpe mtu, unanisikia?"

"Nimesikia, Ustadh."

Mtoni alifika kweli. Lakini akamkumbuka yule mama, nafsi ikamsuta, akalia, akageuza pikipiki. Mama Mkubwa aliukumbatia usukani kifuani, wala hakumuuliza ulikuwa wapi siku zote. Hilo lilimuumiza kuliko matusi.

Ijumaa, akitoka kuswali, simu ikalia.

"Mungu akubariki, mwanangu!" Mama Mkubwa alikuwa amechangamka kama bibi harusi. "Izwan wangu anakuja kila siku. Usukani wake nimeufungisha kwenye gari, naye kanifundisha kuendesha, mimi ambaye hata baiskeli siiwezi!"

Zulfadli aliikimbilia pikipiki yake. "Uko wapi, Mama Mkubwa? Simama! Nakusihi, simama! Huyo si Izwan!"

"Acha wivu, wewe. Tumeshaanza kupanda Cameron. Anasema anakwenda kunionyesha anapoishi sasa."