Maji ya Kumwosha Mzee Gasana

Picha ya fundi viatu ilikataa kukauka. Kilikuwa kiangazi, mtaa wote wa Kimisagara vumbi tupu, nguo zinazoanikwa asubuhi zinakuwa ngumu kabla ya saa sita, lakini karatasi ile ilishinda ukutani imelowa kana kwamba Umulisa ameinua brashi sasa hivi. Tena ilinuka kafuri.

Umulisa hakutishika. Miaka mingi alikuwa akichora kwa rangi za maji watu wasiochorwa na mtu: wafagia barabara, waziba pancha, akina mama wa parachichi. Wenye pesa zao walimshangaa, naye akawaacha washangae. Safari hii alilaumu karatasi, akaendelea na kazi.

Siku picha ilipokauka, Nsengiyumva fundi viatu alianguka kibandani kwake, nyundo mkononi. Watu wakasema moyo. Kisha ikakauka picha ya Connie muuza parachichi, na Connie naye akazikwa. Hapo ndipo Umulisa alipoingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu picha ya tatu ilikuwa ya Manzi, mume wake, mchomelea vyuma wa Gatsata, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso. Ilikuwa bado mbichi.

Jioni hiyo, Manzi hajarudi, alisikia maji chumbani anamochorea: kikombe kinachota, kinamimina polepole, kinatulia, kinachota tena, upande wa kulia kwanza kisha wa kushoto, kama mtu anayemwosha mwenzake bila haraka yoyote, na alipousukuma mlango sakafu ilikuwa kavu, hapakuwa na kikombe wala mtu, ila kwenye karatasi unyevu ulikuwa ukiteremka kutoka paji la uso la Manzi mpaka kidevuni, ukisimama kila kiungo cha uso kama mkono unaopapasa.

Alikimbilia kwa Mukandekezi, mjane Mwislamu waliyekaa naye ua mmoja.

"Mama," alinong'ona, "kwangu kuna mtu anaosha mtu, ndani ya picha."

Mukandekezi akamvuta ndani. "Maji ya kuchora ulitoa wapi?"

"Maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Nilichukua jerikani moja pale ukutani kwenu, nikachorea picha zote tatu. Si tunaazimana siku zote?"

"Ile iko na kitambaa nyeupe kwa shingo?"

"Ndiyo hiyo."

"Yoo, mwanangu! Ile maji iko ya mzee. Ilibakia wakati walimuosha na kafuri, mbele ya kumzika. Walisema watamwaga pahali safi, wakasahau."

Mzee Gasana, marehemu mumewe, alikuwa akitibu watu kwa jini. Alipokufa, jini lile lilibaki halina bwana, likakaa katika maji.

Sheikh Bizimana, mdogo wake marehemu, alikuja mchana Manzi akiwa kazini. Alifukiza ubani, akasoma hadi jasho likamlowesha kanzu. Mwishowe akaketi.

"Haitoki," alisema kwa sauti ya chini. "Ilimuona ndugu yangu anaoshwa, sasa haijui kazi ingine. Picha ikikauka, imemaliza na mtu wake."

"Nikiichana?"

"Utakuwa umemchana yeye. Uiloweshe kila siku na maji hiyo hiyo."

"Yakiisha?"

Sheikh alitafuta viatu vyake. "Binti yangu, mimi nimeshindwa. Nisamehe."

Umulisa hakumwambia Manzi. Manzi alikuwa mlokole wa kweli. Angesikia kwamba sheikh amefukiza ubani nyumbani kwake, angeichoma picha kwa jina la Yesu siku hiyo hiyo. Basi akawa anailowesha kwa siri, na uso aupendao ukazidi kuvurugika, na jerikani ikazidi kuwa nyepesi, naye akawa analia jikoni na kusingizia moshi.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa. Walifyeka nyasi pamoja na majirani, kisha Umulisa akabaki kwenye mkutano wa mtaa, Manzi akatangulia nyumbani.

Aliporudi alimkuta mumewe ameketi uani, anatabasamu. Picha ilikuwa kwenye kamba ya nguo, imebanwa kwa vibanio, jua limeipiga sawasawa.

"Nilikuona unateseka na hii kitu," Manzi alisema. "Leo nimekusaidia. Angalia, imekauka poa kabisa."

Uso ulikuwa umerudi wote, hata kovu dogo la cheche shavuni. Umulisa hakuwahi kuchora uso mzuri kama ule. Alikimbilia jerikani, akamwaga yote yaliyobaki juu ya karatasi. Maji yaliteleza yakaanguka vumbini, karatasi haikunywa hata tone.

"Umulisa, nini tena? Mbona unalia?"

"Manzi, unaumwa? Niambie ukweli."

"Siumwi. Niko nasikia baridi tu," alisema, jua la mchana likimwakia kichwani. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. "Niletee ile shuka nyeupe, unifunike."

Umulisa aliingia ndani kuitafuta.