Mchanga Ndani ya Sampu

Miaka ile Mwingereza alipokuwa bado anatawala Tanganyika, sisi tuliishi Ipinda. Kila asubuhi kabla ya shule niliteremka mtoni na karai la vyombo kichwani. Mama alinifundisha kazi hiyo nikiwa na miaka sita: chota mchanga, changanya na majivu, sugua mpaka uone uso wako kwenye kitako cha sufuria. Msichana aliyerudi nyumbani na sufuria yenye masizi alirudishwa mtoni bila maneno mengi. Nilipofika darasa la tatu, sikuwa na mpinzani katika kung'arisha vyombo. Asubuhi zile bado ninaziona: ukungu umelala juu ya mpunga, na baba amesimama mlangoni akiomba kwa sauti ya chini kabla ya kushika jembe.

Baba yangu aliitwa Nsajigwa. Alikuwa mkulima, lakini moyo wake ulikuwa kwenye injini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Burma, na huko akafundishwa kuendesha na kutengeneza malori ya jeshi. Aliporudi hakukuta lori, alikuta jembe. Watu walimwita Fundi Burma, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, kwa sababu tangu arudi hakuna aliyemwona akitengeneza kitu kikubwa kuliko baiskeli.

Gari lilikuwa moja tu pale kwetu. Lilikuwa la Mzee Mikidadi, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Lilikuwa jeusi, la zamani, lenye vibao vya kukanyagia pembeni na taa mbili kubwa za mviringo. Sisi watoto tulijua mlio wake hata tukiwa darasani.

Mwezi wa tano wa mwaka 1952, mvua zilipokuwa zinakwisha, gari lile liligonga jiwe lililofichwa na maji karibu na Bujonde. Sampu ikapasuka. Sampu ni bakuli la chuma linalofungwa chini ya injini, nalo hutunza oili. Oili ikimwagika, vyuma vya injini husagana vyenyewe kwa vyenyewe. Bahati nzuri Mzee Mikidadi aliamuru lizimwe pale pale. Dereva wake aliona aibu, akachukua mfuko wake akavuka mto Songwe kurudi kwao. Gari likavutwa na ng'ombe mpaka kwenye banda la bati kando ya duka.

Kila mtu alisema injini lazima itolewe kwa mnyororo, na mnyororo wa namna hiyo haukuwapo karibu zaidi ya Tukuyu. Barabara ya kupanda huko ilikuwa imekatwa na mvua. Ndipo baba alipovaa shati lake la kanisani, akanichukua tukaenda dukani.

"Mzee," alisema, "injini haitolewi. Inanyanyuliwa vidole vitatu tu, na sampu inatoka kwa chini."

"Umewahi kufanya?"

"Mara mbili, Mzee. Mara moja tukiwa ndani ya matope, huko Burma."

Mzee Mikidadi akamuuliza kama huko Burma kulikuwa na shahidi aliye hai. Baba akacheka, na mzee naye akacheka. Wakakubaliana. Mzee angemtuma mtu kwa miguu alete sampu nyingine kutoka Tukuyu, iliyotolewa kwenye gari bovu la aina ile ile. Baba angepewa mpaka Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Gari likiwaka, yeye ndiye dereva mpya. Lisipowaka, Jumatatu ng'ombe wangelivuta kwenda kuuzwa kama chuma chakavu.

Jioni ile tulipiga magoti wote nyumbani. Mama aliomba kwa maneno machache. Alisema, "Bwana, mpe mume wangu kazi ya mikono yake." Alipofungua macho alikuwa na machozi.

Ijumaa, shule ikiwa imefungwa, baba alilipandisha gari juu ya magogo, akatandika turubai chini yake. Alinihitaji mimi kwa sababu bolti mbili za nyuma zilikaa mahali ambapo mkono wa mtu mzima haukuingia. Nililala chali chini ya injini, nikazifungua kwa spana ndogo na vidole vyangu vyembamba. Baba alilegeza miguu ya injini, akaweka jeki na kipande cha mbao, akaipandisha kidogo kidogo. Sampu ilikataa kutoka. Mama mmoja wa sokoni, aliyekuja kutazama, akauliza kwa dhihaka kama mnyororo ukaletwe sasa au baadaye.  Baba alikwenda mbele ya gari, akazungusha polepole hendeli, ile mpini ya kuwashia, mpaka uzito wa shafti, chuma kinachozunguka ndani ya injini, ukageukia juu. Sampu ikashuka yenyewe, ikalala mikononi mwake kama mtoto mchanga.

Sampu ya Tukuyu ilifika Jumamosi asubuhi ikiwa nyeusi kwa oili iliyoganda. Baba alinipa chupa ya mafuta ya taa na kitambaa. Aliniambia niioshe kwa hivyo viwili tu, kisha akaanza kukata gasketi, yaani ile karatasi nene inayokaa kati ya sampu na injini ili oili isivuje. Aliikata kutoka boksi la sabuni, akaitoboa tundu moja moja.

Nilisugua mpaka mafuta ya taa yakaisha, na uchafu bado ulikuwepo. Niliona aibu kumrudishia baba chombo chenye masizi. Nikamwita Shani, binti wa Mzee Mikidadi, tuliyekuwa tukicheza naye. Tukaibeba sampu mpaka mtoni. Nikaisugua kwa mchanga na majivu kama sufuria yoyote. Ndani yake kulikuwa na bati lililofungwa juu ya kitako, lenye nafasi ndogo chini yake. Nilisukuma mchanga humo kwa kijiti, nikasuuza kwa maji mengi.

Tulipoitikisa ikauke, Shani aliinamisha sikio.

"Tusekile, mbona inalia chwa-chwa?"

"Ni maji," nikamjibu.

Baba alipoiona ikimeta alisema, "Ndaga, asante mwanangu. Hii unaweza kulia wali." Hakuniuliza nimeioshaje. Haraka ilikuwa nyingi. Tukaipandisha, nikafunga bolti zangu mbili, naye akafunga nyingine zote.

Kufikia alasiri banda lilizungukwa na watu. Lameck, mwanafunzi mwenzangu, alikuwa ameketi juu ya debe akitangaza kuwa gari litawaka siku Burma itakapohamia Ipinda. Akanyoosha mguu uliojaa mchanga juu ya turubai. Baba, aliyekuwa bado amelala chini ya gari, akamwambia autoe.

"Adui wa injini si maji wala matope," alisema. "Ni mchanga. Chembe chache zikiingia kwenye oili, zinakula shafti kama mchwa. Gari litawaka vizuri, litakwenda siku mbili tatu, kisha litakufa barabarani, na hakuna spana itakayolifufua."

Nilitazama mikono yangu. Chini ya kucha kulikuwa na mchanga wa mtoni.

Shani alikuwa karibu nami. Macho yetu yalipokutana nilijua naye ameelewa. Aliniminya mkono akaninong'oneza, "Nyamaza. Likiwaka, baba yako amepata kazi. Labda mchanga wenyewe ulikwisha kutoka."

Labda. Nilitaka sana kuliamini neno lile. Baba alikuwa amelala chali siku mbili, na bega lake lililoumia vitani lilikuwa limevimba. Mama alikuwa amesimama nyuma ya watu amevaa kitenge chake kizuri. Mzee Mikidadi alikuwa msikitini, na akirudi tu, gari lingewashwa. Nikimwambia baba sasa, Lameck na wenzake wangecheka mpaka mwaka uishe. Nisipomwambia, wangepiga makofi.

Baba alitoka chini ya gari, akanipandisha juu ya kibao, akanipa faneli ya bati ya kumiminia niishike kwenye tundu la oili. Akainua debe la oili. Niliomba kimya kimya, nikimsihi Mungu auondoe mchanga ule bila mtu kujua. Lakini nilipomaliza kuomba, jibu pekee lililonijia lilikuwa nitoe faneli. Nikaitoa.

"Tata," nilimwambia baba, "naomba usimimine. Ndani kuna mchanga. Mafuta ya taa yaliisha, nikaiosha mtoni kama sufuria."

Baba alishusha debe. Hakupiga kelele.

"Una hakika?"

"Ulikuwa unalia chini ya lile bati. Nikasema ni maji."

Lameck alikuwa wa kwanza kucheka, na wengine wakafuata. Mtu mmoja akauliza kama kesho tutaipikia ugali. Wakati huo huo Mzee Mikidadi alitokea, kofia yake nyeupe kichwani, akauliza mbona anasikia kicheko na hasikii injini.

Baba angeweza kusema bolti imekatika. Angeweza kunisukuma mbele. Alifuta mikono yake akasema, "Mzee, leo gari haliwaki. Sampu ina mchanga. Kosa ni langu. Nilimpa mtoto kazi, sikumwambia sababu ya kazi. Wakati wangu umekwisha, sina la kudai."

Mzee Mikidadi alinitazama, akamtazama baba. Akauliza ni nani aliyegundua. Baba akanionyesha kwa kidole.

"Kesho nyinyi mnakwenda kanisani," mzee alisema hatimaye. "Ng'ombe sijawatafuta bado. Jumatatu asubuhi ifungueni, nataka kuuona huo mchanga kwa macho yangu. Nikiuona, tutaendelea. Nisipouona, nitajua mmetafuta kisingizio."

Jumapili ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Njiani kutoka kanisani watoto waliniita Sufuria. Mama alinishika mkono mpaka nyumbani, akaniambia tu nitembee wima.

Jumatatu, Mzee Mikidadi alitandika kitambaa cheupe chini ya banda. Baba alirudia kila kitu: magogo, jeki, vidole vitatu, hendeli. Gasketi ilichanika alipoitoa, na Shani akakimbilia dukani kuleta boksi jingine. Baba alilegeza lile bati la ndani, akaigeuza sampu juu ya kitambaa, akaigonga kwa kiganja.

Mchanga ulishuka. Ulikuwa kiasi cha chumvi ya kutia mboga. Hakuna aliyecheka. Mzee Mikidadi alichukua chembe chache, akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akatazama alama nyekundu zilizobaki kwenye ngozi yake. Kisha akamwambia Shani alete mafuta ya taa chupa tatu.

Niliiosha tena mimi, kwa kitambaa, baba akiwa amechuchumaa kando yangu akinieleza oili inapita wapi na inarudi wapi. Nilipomaliza nilipitisha kitambaa safi mara ya mwisho, kikatoka safi. Mchana, jua likiwa utosini, baada ya kuifunga sampu na kumimina oili, baba alizungusha hendeli. Injini ikakohoa mara mbili, ikawaka. Mlio wake ulikuwa laini, wa kutulia. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na hata Lameck akasimama juu ya debe lake akipunga mkono kana kwamba alikuwa upande wetu tangu mwanzo.

Mzee Mikidadi alinyoosha mkono watu wanyamaze. Akaniita karibu naye.

"Watu hawa wanapiga makofi kwa sababu gari limewaka," alisema. "Hata Jumamosi lingewaka, na wangepiga makofi haya haya. Siku ya tatu lingekufa mlimani, na mimi ningemfukuza baba yako bila yeye kujua kosa lake." Akawageukia watoto wote waliokuwa pale. "Sikilizeni, wanangu. Kosa likisemwa mapema ni kazi ya kurudia tu. Likifichwa, linakaa ndani likisaga, na siku likionekana, hata Fundi Burma hataliweza."

Akampa baba ufunguo. Baba aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, na niliona midomo yake ikimshukuru Mungu. Kisha akazunguka gari, akanifungulia mlango wa mbele.

"Panda," alisema. "Twende mpaka Bujonde, tukaliondoe lile jiwe."