Habari za Roboti, Si Habari Zetu

“Imetua! Imetua wima!”

Dada alipiga ukelele huo akiwa na pini nne mdomoni, simu ya mdogo wake mkononi, na gauni la mteja likiburuzika sakafuni.

“Dada, kwanza toa pini usije ukazimeza. Pili, hiyo ni simu yangu.”

“Iliita, nikaitazama. Ulitaka niifunike na kitambaa?”

Mdogo wake, mkutubi wa maktaba ya mji, aliichukua simu yake. Ujumbe ulikuwa mfupi, kama zote zilizotangulia:

“Roboti imetua mwezini saa nne na dakika sita. Kivuli chake kinaonekana mchangani, kirefu na chembamba. Siku njema.”

Hakuna ‘mpenzi’, hakuna ‘nimekukumbuka’. Mkutubi mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Miezi minne nyuma alifungasha nguo akahamia kwa dada yake, fundi cherehani, na mlangoni akamwambia mumewe:

“Usinipigie. Usiniandikie habari zetu. Sina nguvu nazo.”

Mimba ya miezi sita ilikuwa imetoka. Alilala hospitali siku mbili akiutazama mlango, na mumewe hakuingia. Siku ya tatu alikuja kumchukua, akabeba mkoba, akaendesha gari hadi nyumbani bila neno.

Mume huyo alikuwa fundi wa mitambo kwenye kituo chenye sahani kubwa ya kunasa mawimbi kutoka angani. Alitii amri ya mkewe kwa wiki nyingi. Kisha roboti ikaondoka duniani kwenda kuleta mchanga na mawe ya mwezi, na kituo chake kikawa miongoni mwa vile vinavyoisikiliza. Ndipo akaandika: “Hii si habari yetu, kwa hiyo naomba ruhusa. Imeondoka leo.”

Mkutubi hakujibu. Lakini pia hakumkataza.

Basi habari za roboti zikawa zinaingia kila siku. Alizisoma amesimama kati ya rafu, mwanga wa dirishani ukipita kwenye vumbi la vitabu.

“Leo kekee ya kutobolea ardhi imegonga jiwe, ikasimama. Wameirudisha nyuma kidogo, wakasubiri, wakajaribu tena polepole. Imepita.”

“Leo mkono umechota mchanga. Ni mweusi kuliko nilivyodhani, lakini jua likiugusa unametameta.”

Mchana, akitoka maktaba, alisimama ngazini akaangalia juu. Mwezi nusu ulikuwa umejitokeza mapema, mweupe, laini kama kitu kilichochorwa kwa chaki kisha kikafutwa kwa kiganja. Kule hakuna upepo, aliwaza. Alama ya mguu inabaki. Akajikuta amesimama pale mpaka watu wakaanza kumkwepa.

Jioni dada alikuwa akikanyaga cherehani huku akilalamika.

“Watu wazima na akili zao, wanafuata mchanga mwezini! Hapo nje umejaa bure.”

“Ndiyo, Dada.”

“Upuuzi mtupu.” Cherehani ikasimama. “Kwani leo wamechota kiasi gani?”

Siku ya nne tangu kutua ujumbe ulikuwa mrefu kidogo: “Leo saa tisa alasiri sehemu ya juu ya roboti itaruka na kopo la mchanga, ikutane na chombo kinachozunguka mwezi. Itapita nyuma ya mwezi, hatutaisikia kwa dakika arobaini na tano. Ikitokea nitakuandikia.”

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja kasorobo dada aliacha kushona kabisa.

“Hajaandika?”

“Bado.”

“Mpigie.”

“Dada!”

“Mimi simtetei. Nataka kujua habari za kopo.”

Mkutubi akapiga. Simu iliita mara moja tu.

“Haloo?”

“Ni mimi.”

Kiti kilisikika kikiburuzwa upande wa pili.

“Upo?”

“Nipo. Nimekaa chini tu.”

“Imetokea?”

“Bado. Imechelewa kupita kiasi.”

“Sasa mnafanya nini?”

“Hakuna cha kufanya. Tumeielekeza sahani pale inapotakiwa kuwa, tunasikiliza.”

“Hilo unaliweza.” Maneno yalimtoka kabla hajayapima. “Roboti unaisubiri. Mimi nilikusubiri siku mbili na hukuja.”

Alimsikia mumewe akivuta pumzi.

“Nilikuja,” akasema kwa sauti ndogo. Kisha mtu akamwita kwa nguvu upande ule. “Samahani, nahitajika. Nitakuandikia.”

Simu ikakatika. Mkutubi akageuka.

“Amesema alikuja. Dada, anasema alikuja.”

Dada alikuwa amekishika kipande cha kitambaa, anakikunja, anakikunjua.

“Ni kweli. Alikuja siku ile ile, na sare yake ya kazi, anahema. Mimi nilikuwa nje ya mlango wako. Nikamwambia humtaki. Nikamwambia umesema ukimwona utapiga kelele.”

“Sikusema hivyo.”

“Hukusema. Nilisema mimi.” Machozi yalianza kumtoka. “Simu yake ilikuwa imezimwa saa sita nzima, mdogo wangu. Saa sita nakupangusa jasho, nampigia, hapatikani! Nilitaka mtu wa kumchukia. Alikaa kwenye ngazi za hospitali siku mbili. Nilimpita mara tatu nikienda kuchota maji, sikumsemesha.”

“Na miezi minne yote hii?”

“Kila siku nilisema kesho. Halafu nikazoea kuwa na wewe humu ndani. Nikaogopa.”

Mkutubi hakufoka. Alichukua mkoba wake, akavaa viatu.

“Unakwenda wapi? Niambie tu, unakwenda wapi?”

Alifungua mlango, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye geti la kituo cha mumewe, jua limeshalala upande na sahani kubwa imeinua uso wake kuelekea mwezi, ujumbe ulipoingia.

“Imetokea! Ilikuwa imegeuka vibaya, sauti yake haikutufikia. Imekutana na chombo. Mchanga unakuja nyumbani.”

Kwa mara ya kwanza tangu aondoke, akamwandikia: “Niko getini.”

Mumewe alikuja mbio, kitambulisho kikimpigapiga kifuani. Alipomfikia alisimama hatua tatu mbali, kama aliyekuta mstari umechorwa chini.

“Dada ameniambia,” mkutubi akasema. “Kwa nini ulinyamaza?”

“Ningekwambia nini? Kwamba dada yako alinizuia mlangoni? Ulikuwa na nyumba moja tu ya kukimbilia.”

“Na wewe ukamwamini.”

“Nilimwamini kwa sababu niliona nastahili. Simu niliizima kwa mkono wangu, ndiyo sheria ya chumba cha mitambo. Nilipoiwasha nikakuta mmenipigia mara kumi na tisa.”

“Ungeingia! Ungemsukuma Dada, ungeingia!”

“Kila siku naingia,” alisema. “Kila siku, kichwani mwangu, namsukuma naingia. Siku ile sikuingia.”

“Miezi minne imepita, na wewe unaniandikia mchanga.”

“Ulisema nisiandike habari zetu.”

“Na ukanitii! Maisha yako yote hujawahi kunisikiliza, ukachagua hilo!”

Kicheko kilimtoka mkutubi bila kutaka, kikageuka kilio katikati. Mumewe akazivuka zile hatua tatu, akamkumbatia. Walisimama hivyo kwa muda mrefu, sahani ikigeuka taratibu juu yao, bila sauti, kuufuata mwezi.

“Kuna jambo jingine,” mume akasema begani kwake. “Nesi mmoja alinihurumia. Alinipeleka chumba cha pili, akanipa mtoto wetu nimshike.”

Mkutubi alijitoa kifuani kwake, akamtazama.

“Ulimshika?”

“Mpaka walipokuja kumchukua.”

“Mimi sikuweza hata kumwangalia. Nilifumba macho.” Akamshika mumewe mkono. “Alikuwaje?”

“Msichana. Paji la uso lako kabisa. Vidole virefu. Alikuwa mwepesi, nikawa naogopa kupumua.”

“Endelea.”

Akaendelea. Alimweleza sikio, kucha, nywele zilizolala upande mmoja, mpaka jua likazama na mlinzi akawaletea kiti kimoja, wakakikalia wote wawili.

Mkutubi alirudi nyumbani kwa mumewe. Kwa dada yake hakupiga simu siku tisa. Ya kumi, asubuhi ambayo kopo lilitarajiwa kushuka, dada alibisha hodi mwenyewe, macho yamevimba.

“Sikuja kuomba msamaha ili unipe,” akasema mlangoni. “Nimekuja kuuomba tu. Shemeji, na wewe pia.”

“Pita, Dada,” mume akasema.

“Siongei na wewe kwanza, naongea na huyu.”

Mkutubi alisogea mlangoni.

“Bado nina hasira,” akasema.

“Najua.”

“Nitakuwa nayo kwa siku nyingi.”

“Nitakuja hizo siku zote.”

“Ingia. Kopo linakaribia kutua.”

Walikaa watatu mbele ya runinga. Kwenye uwanda mpana, nchi ya mbali, nukta nyeupe ilitokea angani, ikafunguka kuwa parachuti, ikashuka kama kitu kisicho na haraka tena. Kopo likagusa majani, likabingirika, likatulia. Mume alifunika uso kwa mikono miwili. Dada alilia kwa sauti, akasema ni mafua.

Dada alipoondoka, mkutubi alifungua dirisha la chumba kile walichokuwa wamekipaka rangi kwa ajili ya mtoto, wasikiingie tena. Hewa ikapita.

“Ulipomshika,” akauliza bila kugeuka, “ulimwita jina?”

“Nilimwita.”

“Niambie.”

Mumewe alikuja nyuma yake, akainama, akamnong'oneza. Mkutubi alilirudia jina lile mara moja kwa sauti, kisha mara ya pili, taratibu, likajaa chumbani. Sitaliandika hapa. Ni la mtoto wao.