Msaidizi wa Kukodi

Siku ile mjinga alikuwa Merle, na mwenyewe hakatai. Jumamosi ya mwisho kabla ya Halowini, duka la mavazi ya sherehe pale Des Moines limejaa hadi watu wanapumuliana visogoni, yeye anaingia na karatasi mkononi. Akamwona mwanamke aliyevaa joho jeusi lenye nyota za fedha na kofia ndefu iliyochongoka. Akamkunjia kidole.

"Dada, nihudumie. Nataka kofia kama hiyo yako kumi na moja, na fimbo za kichawi kumi na moja."

Mwanamke akamtazama, kuanzia viatu vya kazi vyenye masizi hadi nywele zilizogombana na kitana. "Za watoto?"

"Wakubwa. Binti yangu na wenzake, miaka kumi na mitatu. Wanasema wao si wa kuzunguka na mifuko ya pipi tena, kwa hiyo wanakuja kwangu. Nimewaahidi sherehe ya mazingaombwe."

"Basi kofia waachie wadogo zao. Mkubwa ukimvisha kofia atakuchukia mpaka Krismasi. Wape siri. Kila mmoja ajifunze mchezo mmoja wa kuwadanganya wenzake." Akamwekea kikapuni pakiti mbili za karata, kamba na vikombe vitatu. "Na fimbo usinunue. Chukua vijiti vya kulia chakula cha Kichina, vizungushie gundi ya moto, vipake rangi."

"Unaijua kazi yako. Umeajiriwa hapa muda gani?"

"Dakika tano, tangu uliponiajiri wewe. Mimi nimekuja kujaribu joho."

Merle akaiva uso mzima. Mwanamke akacheka bila kuziba mdomo, akanyoosha mkono na kuchomoa sarafu nyuma ya sikio lake lililowaka.

"Naitwa Corinne. Nasafisha meno kwa daktari. Mtoto akiogopa kiti, namtolea hii. Pipi zenu ndizo zinazonipa kazi, kwa hiyo nakuunga mkono."

Wakaachiana namba za simu. Merle alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na wiki ile baridi ilipobisha hodi simu yake haikutulia. Ila kulikuwa na simu moja aliyoipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Fundi, uko wapi?"

"Chini ya nyumba ya mtu, nimelala chali."

"Umelala kazini?"

"Nakuota wewe."

"Oga kwanza ndiyo uniote."

Jumatatu wakanywa kahawa. Jumanne Corinne akaja na koti la sufu la rangi ya boga, na mbele ya gari la mafundi lililonuka mafuta Merle akambusu, akaacha alama nyeusi ya dole kwenye kola. Corinne akasema hataifua.

Jambo moja tu Merle hakulifanya: hakumwambia Tilda, binti yake. Tangu talaka, miaka miwili sasa, walikuwa wao wawili tu mezani. Alishazoea hivyo, na aliogopa kuvuruga.

"Utakuja kuwafundisha mazingaombwe," alimwomba Corinne kwenye simu, "lakini mbele ya Tilda tuwe marafiki kwanza, kipenzi."

"Marafiki, sawa. Ila rafiki naye ana heshima yake."

Ikafika tarehe thelathini, Usiku wa Omba-Omba, maana Des Moines watoto huzunguka kuomba pipi siku moja kabla ya Halowini, na hakuna anayepata kitu kabla hajatoa kichekesho. Saa kumi na mbili jioni mtaa ulishajaa. Ndani kwa Merle kulikuwa na sufuria la maharage na nyama yenye pilipili, mabeseni ya bisi, na juisi moto ya tufaha. Pembeni ndoo ya barafu kavu ilikuwa ikitoa moshi uliotambaa sakafuni. Vijana kumi na mmoja walikaa wamekunja nyuso, wakisubiri kuchoshwa.

Corinne akaingia na joho lake na buti nyekundu.

"Chagua karata. Usinionyeshe. Hata usinipende."

"Umeificha mkononi!" akapaza sauti mvulana mmoja mrefu.

Akafungua viganja, vitupu. "Angalia kofia ya sweta lako, mwanangu."

Karata ilikuwa humo. Nyumba ikalipuka kwa shangwe. Tilda akacheka hadi akashika mbavu, na Merle aliyesimama mlangoni akajihisi kama mtambo uliowaka baada ya kukataa wiki nzima.

Ndipo akaingia Bi Haverkamp, jirani wa ng'ambo ya barabara, na pai ya boga mkononi na macho yake yasiyopitwa na kitu.

"Merle, na huyu mrembo ni nani?"

Kelele zikakatika. Nyuso zote zikageuka, ya Tilda ikiwemo.

"Huyo? Ah, ni msaidizi tu. Wa kukodi."

Corinne hakuangusha hata karata moja. Alimfundisha kila kijana mchezo wake, mpaka yule mrefu akaweza kupoteza sarafu. Akawainamia, wakampigia makofi. Kisha akafunga begi.

"Corinne, ngoja..." Merle alimkuta anavaa koti.

"Dukani hukunijua, nikacheka. Leo unanijua."

Mlango ukafungwa taratibu, na hilo lilimuuma kuliko kama angeubamiza.

"Baba!" Tilda alikuwa nyuma yake, fimbo imechomekwa nyuma ya sikio. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Wiki nzima unachekea simu jikoni. Mteja gani wa mitambo anaitwa kipenzi?"

"Ulijua?"

"Hata Bi Haverkamp alijua, unadhani ile pai ilikuwa ya nini? Kimbia. Hawa nitawaangalia mimi."

Merle akatoka mbio bila koti wala viatu. Gari la Corinne lilikuwa linanguruma palepale, halina pa kupita. Mazimwi, maharusi na wanaanga wa urefu wa kiuno walikuwa wanavuka. Kioo kikashuka kidogo tu, kama upana wa kidole.

"Nisamehe."

"Mimi hukuniambia kitu. Ulimwambia yeye." Akaelekeza kidevu kwenye baraza ya Bi Haverkamp, aliyekwisha kurudi kwenye bakuli lake la pipi, watoto wamempangia foleni.

Merle akavuka, akapanga foleni nyuma ya mtoto mmoja aliyevaa mavazi ya nyuki. Zamu yake ilipofika, bibi akalivuta bakuli kifuani.

"Kichekesho kwanza. Wewe si mgeni hapa."

"Kuna mwanamume," Merle alisema, na sauti ikafika ng'ambo, "aliulizwa mwanamke anayempenda ni nani, akajibu ni msaidizi wa kukodi."

Nyuki akageuka. "Halafu?"

"Halafu mwanamke akaondoka."

"Mbona hakichekeshi?"

"Kweli hakichekeshi," alisema Bi Haverkamp, akamtilia pipi mbili kiganjani. "Lakini kimesikika. Moja mpelekee."

Merle aliporudi barabarani, injini ikazimwa. Corinne akashuka na begi, akaipokea pipi, akaikagua kwa jicho la kazini kwake, akaitia mfukoni. Mdomo wake ulianza kulegea. Mwanamume mwenye akili angenyamaza hapo.

"Ila na wewe unielewe kidogo," alisema Merle. "Nilikuwa namlinda Tilda. Bado mtoto yule. Niliogopa ataumia, basi. Mzazi kumlinda mwanawe, kosa liko wapi?"

Corinne akamsukumia begi kifuani.

"Tilda ana miaka kumi na mitatu, na yuko dirishani anakucheka. Uliyekuwa unamlinda ana miaka arobaini na mmoja, na amesimama katikati ya barabara na soksi tupu. Ingia ndani."