Ndege ni Ejo

Siku walipokutana, treni ya kutoka Kaliua ilikuwa imemwaga watu na magunia stesheni ya Mpanda, na Didace akajibebea begi jekundu lisilo lake.

"Kaka, unaenda wapi na nguo zangu?" Hana Machibya alimfokea, gauni lake la kitenge cha njano limejaa vumbi la safari.

"Nilitaka uzifuate," alijibu Didace bila haya, na Hana akacheka kabla hajaamua kukasirika.

Hana, binti wa Kisukuma, alikuwa na kibanda cha kushonea nguo mtaani Shanwe. Didace alilima kwao Kasokola, na nyumbani walizungumza Kirundi. Akikosa kumwona siku moja tu, kesho yake humuuliza, "Ejo wari hehe?" Jana ulikuwa wapi? Hana akalishika neno ejo, akadhani amelimaliza.

Kisha viza ya Didace ikatoka. Jeannine, dada yake Didace, alikuwa amempatia kazi Winnipeg, huko Kanada. Wakatafuta umbali kwenye simu.

"Kutoka uwanja wa Mpanda hadi wa kule ni zaidi ya kilomita elfu kumi na tatu," Didace alisoma. "Ndege ikinyoosha, saa kumi na sita."

"Kwani inanyoosha?"

"Hapana, mukunzi, mpenzi wangu. Ni kubadilisha ndege mpaka uchoke. Ila siondoki kabla sijakuuliza neno moja, mama yangu akiwepo."

Hana alijua ni neno gani, na alilitaka kwa moyo wote.

Didace akaenda kuaga ndugu. Jioni moja ujumbe ukaingia: "Ndege ni ejo asubuhi, mukunzi. Uwanjani."

"Yaani kaondoka jana, ndiyo ananiambia leo?" Hana alizima simu, akafunga kibanda, akaenda kulia kwa shangazi yake. Mapenzi ya lugha mbili ni jiko la mafiga mawili, na Hana hakumuuliza hata jirani anayejua Kirundi.

Kesho yake mchana, alipofungua kibanda, Odeta, mama yake Didace, alishuka kwenye bajaji amevaa kitenge cha kanisani.

"Umemuaibisha mwanangu. Asubuhi kagonga hapa, pamefungwa. Kapanda ndege anageuka nyuma, anakutafuta."

"Asubuhi hii? Mama, si aliondoka juzi? Aliandika ejo!"

Uso wa Odeta ukalegea. "Mwanangu, ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Kwetu neno ni hilo hilo."

Hana alikaa chini juu ya vipande vya vitambaa. Aliwasha simu, akapiga. Didace alipokea akiwa Dar es Salaam, anasubiri ndege ya pili.

"Nilijua umenikataa," alisema.

"Nami nilijua umenikimbia. Lile neno lako, niulize sasa hivi."

Matangazo ya uwanjani yalimfunika, akarudia kwa nguvu, watu wakimsikia. "Hana, utakubali nikuoe?"

"Ego," alijibu Hana kwa Kirundi. Ndiyo.

Odeta alifungua pindo la kitenge, akatoa pete aliyoachiwa na mwanawe, akamvisha Hana. Hana aliutazama ule mkono wa mama, akatamani ungekuwa wa Didace.

"Utarudi lini?"

"Ejo."

"Ipi?"

"Ile ya mbele," alisema Didace.